Kuadhimisha na Kukumbuka: Tarehe 3 Juni kwa Mtazamo wa Kikristo

Kila mwaka, ifikapo mwishoni mwa Mei, barabara zinazoelekea Namugongo, nje kidogo ya jiji la Kampala, hujaa watu wanaotembea kwa miguu. Wengine wametoka wilaya za mbali za Uganda. Wengine Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Wamebeba mikeka, chupa za maji na rozari, na wengi wao miguu imevimba kabla hawajafika. Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya taifa, shule na ofisi hufungwa, na wiki inayofuata sisi walimu wa Kiswahili hupokea insha nyingi zenye kichwa kimoja: Siku ya Mashahidi wa Uganda.

Insha hizo hufanana. Karibu zote huanza na Kabaka Mwanga aliyekuwa mkatili, hupita kwenye moto, kisha humalizia kwa kulipongeza taifa letu. Upatanisho wa kisarufi mara nyingi ni mzuri. Kinachopungua ni kumbukumbu yenyewe. Mwanafunzi ameiadhimisha siku, lakini hajaikumbuka. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba maneno haya mawili hayana maana moja, na kwamba Mkristo hasa hana ruhusa ya kufanya la kwanza na kuliacha la pili.

Maneno yenyewe yanasemaje?

Kuadhimisha kunatokana na adhimu, yaani kitu kikubwa, chenye utukufu. Anayeadhimisha siku anaikuza, anaipa heshima. Kukumbuka ni kazi nyingine: ni kulirudisha moyoni jambo lililopita, zuri au baya, kama lilivyokuwa. Maadhimisho yanahitaji ngoma, hotuba na mavazi. Kumbukumbu inahitaji ukweli. Si ajabu basi kwamba waliotafsiri Biblia ya Kiswahili walikiita kitabu cha tano cha Musa Kumbukumbu la Torati. Humo Waisraeli wanaamriwa tena na tena wasisahau, na mambo wanayoambiwa wasisahau si ushindi wao peke yake. Wanakumbushwa kwamba walikuwa watumwa, na kwamba jangwani walimkasirisha Mungu wao.

Hata Pasaka ya Wayahudi imewekewa swali la mtoto. Kitabu cha Kutoka kinasema watoto watauliza maana ya ibada hiyo, na wazazi wawe na jibu. Yoshua naye, baada ya kuvuka Yordani, alisimamisha mawe kumi na mawili huko Gilgali ili watoto wa baadaye waulize. Hivyo ndivyo siku ya ukumbusho ilivyo katika Maandiko: ni siku ambayo mtoto anauliza na mkubwa anajibu bila kuficha. Agano Jipya halikuiacha njia hiyo. Injili zote nne zinaeleza jinsi Petro, kiongozi wa mitume, alivyomkana Bwana wake. Kanisa lingeweza kuyafuta hayo kwa heshima ya kiongozi wake, lakini halikuyafuta.

Neno shahidi nalo linatufundisha. Lina asili ya Kiarabu, na lina ukoo mkubwa katika Kiswahili: ushahidi, ushuhuda, kushuhudia, hata shahada anayoitafuta mwanafunzi wa chuo kikuu. Shahidi ni mtu aliyeona na kusema alichokiona, mahakamani au kwingineko. Shahidi pia ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya dini yake. Kigiriki cha Agano Jipya kinalo neno moja lenye maana hizo mbili vilevile, na Waganda huwaita mashahidi abajulizi, kutokana na kitenzi cha kutoa ushuhuda. Baadhi ya waandishi wa Kikatoliki wanapendelea mfiadini, neno ambalo linaeleweka upesi na linaondoa utata. Hata hivyo tunaona kwamba utata wa shahidi una faida. Mfiadini amekufa, kazi yake imekwisha. Shahidi bado anasema, na anayesema huenda akasema hata tusilopenda kulisikia.

Siku moja, vifo vya miaka miwili

Tuanze na tarehe. Mwanafunzi wa kawaida anaamini kwamba mashahidi wote waliuawa tarehe 3 Juni 1886. Sivyo. Orodha inayokubaliwa na makanisa ina watu 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, na vifo vyao vilienea kwa muda wa miaka miwili.

Wa kwanza walikuwa vijana watatu wa Kianglikana, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliouawa Busega tarehe 31 Januari 1885. Mwanga alikuwa ametawala kwa miezi michache tu, baada ya baba yake, Mutesa wa Kwanza, kufariki Oktoba 1884. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo wa 1885, Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka, kwa sababu alikuja kwa njia ya mashariki, njia ambayo Waganda waliihofia kwamba maadui wangepitia. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuanza kudai ardhi kwenye pwani na bara, na habari zilikuwa zimefika Buganda. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkubwa wa kasri na kiongozi wa Wakatoliki, alimkanya Kabaka kuhusu kifo cha askofu huyo ambaye hata hakuwa wa kanisa lake. Akauawa tarehe 15 Novemba 1885.

Kisha ikaja Mei 1886. Vijana watumishi wa kasri walikuwa wamekataa matakwa ya kimwili ya Kabaka, kwa kuwa imani yao iliwakataza, na Mwanga aliona kwamba wana bwana mwingine wanayemtii kuliko yeye. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei, huko Munyonyo, Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake kadhaa ambao walikuwa bado wakifundishwa, akiwamo Kizito, kijana wa miaka ipatayo kumi na minne. Kulipokucha walihukumiwa. Wengine waliuawa njiani. Matiya Mulumba alikatwa viungo na kuachwa afe polepole. Nowa Mawaggali aliuawa Mityana tarehe 31 Mei. Waliobaki walifungwa Namugongo kwa takriban wiki moja huku kuni zikikusanywa, na tarehe 3 Juni wakateketezwa: Karoli Lwanga peke yake kwanza, kisha Wakatoliki wenzake kumi na wawili pamoja na Waanglikana. Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alikuwa mtoto wa kulelewa wa Mukajanga, mkuu wa wauaji. Mzee huyo alimsihi kijana akane. Aliposhindwa, aliamuru apigwe na kufa kabla ya kutiwa motoni, ili asisikie uchungu. Wa mwisho katika orodha, Yohana Maria Muzeeyi, aliuawa tarehe 27 Januari 1887.

Kwa nini basi 3 Juni? Kwanza ni kwa sababu ndiyo siku waliyokufa wengi kwa pamoja. Lakini lipo jambo jingine ambalo ni wachache wanaolitaja. Mwaka 1886 Pasaka iliangukia tarehe 25 Aprili, ambayo ndiyo tarehe ya mwisho kabisa inayowezekana. Kwa hesabu hiyo Sikukuu ya Kupaa Bwana, Alhamisi ya siku ya arobaini, iliangukia tarehe 3 Juni. Vijana wale waliofundishwa kuhesabu siku za Kanisa walitolewa gerezani asubuhi ya sikukuu. Kupaa hakukuangukia tena 3 Juni mpaka 1943, na baada ya hapo itakuwa 2038. Sisi tunaishika tarehe, nao waliishika sikukuu. Kwao siku ile ilikuwa na maana kabla ya moto kuwashwa, kwa hiyo tunapoiita siku yao, tukumbuke kwamba wao waliijua kuwa siku ya Bwana wao.

Kiswahili katika kasri ya Kabaka

Hapa tunafika kwenye sehemu inayotuhusu kwa karibu sisi wa idara za Kiswahili, na ambayo katika insha za wanafunzi wetu haimo kabisa.

Wengi hudhani kwamba Ukristo uliingia Buganda kwa Kiganda na Kiingereza. Lakini Henry Morton Stanley alipofika kwa Mutesa mwaka 1875, alikuwa na kijana mmoja katika msafara wake, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni ya UMCA Unguja. Stanley mwenyewe ameeleza jinsi walivyosaidiana kutayarisha muhtasari wa Biblia kwa Kiswahili kwa ajili ya Kabaka. Stanley alipoondoka, Maftaa alibaki kasrini, akimsomea Mutesa na kumwandikia barua. Wamisionari wa CMS hawakufika mpaka tarehe 30 Juni 1877, na Mapadri Weupe mpaka Februari 1879. Maana yake ni kwamba kwa muda wa miaka miwili mwalimu wa Kikristo aliyekaa kasrini alikuwa kijana Mwafrika aliyetoka Unguja, na lugha aliyofundishia ilikuwa Kiswahili.

Hilo liliwezekana kwa sababu Waislamu walikuwa wametangulia. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamefika Buganda miongo kadhaa kabla. Mutesa alijifunza Kiarabu, akafunga Ramadhani, na Kiswahili kikasikika kasrini. Alexander Mackay wa CMS, aliyefika Novemba 1878, alianza kazi yake kwa Injili za Kiswahili zilizotafsiriwa na Askofu Edward Steere huko Unguja, kabla Kiganda hakijapata maandiko yake. Ndiyo maana hadi leo Kiganda kina ekitabo, ekkalaamu, ebbaluwa na eddiini. Ndiyo maana pia Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, wasomaji. Okusoma kwa Kiganda ni kusoma kitabu na pia ni kwenda kusali. Mashahidi wa Uganda waliuawa wakiwa wasomaji. Hakuna mwalimu wa lugha anayeweza kulipita jambo hilo bila kusimama.

Kiganda kilipata Agano Jipya lake mwaka 1893 na Biblia nzima mwaka 1896, kwa kazi ya George Pilkington na Waganda kama Henry Wright Duta. Hilo lilikuwa jema, maana mtu huomba vizuri zaidi kwa lugha ya mama yake. Lakini baada ya hapo Kiswahili kilifungiwa mlango kilioufungua chenyewe. Askofu Alfred Tucker, katika kumbukumbu zake za miaka aliyokaa Uganda, aliandika kwamba angefurahi Afrika ya Kati iwe na lugha moja, lakini lugha hiyo isiwe Kiswahili, kwa kuwa aliiona imekaribiana mno na Uislamu. Mackay, aliyefariki mwaka 1890, alikuwa na mawazo tofauti. Neno la Tucker ndilo lililosikika, na wengi wetu tumefundisha kwa miaka mingi katika nchi ambayo mtoto alikijua Kiswahili kama lugha ya askari na ya wezi. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Tunashukuru. Hata hivyo, Maftaa bado hana siku yake, wala hatujasikia akitajwa katika hotuba za tarehe 3 Juni.

Yale yasiyosemwa kwenye hotuba

Tumesema kwamba kukumbuka kunahitaji ukweli. Basi yapo mambo matatu ambayo Mkristo anayeadhimisha siku hii hana budi kuyakumbuka, ingawa hayampambi.

La kwanza ni kwamba Namugongo haikuanza na Wakristo. Katikati ya miaka ya 1870, Mutesa aliwaua vijana wengi wa Kiislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na wasio Waislamu na kukataa kusali nyuma ya Kabaka ambaye hakutahiriwa. Wengi wao walichomwa palepale Namugongo. Nao walikataa kumtii mfalme kuliko Mungu, nao walikuwa vijana wa kasri, nao walikuwa wasomaji. Yawezekana kwamba Karoli Lwanga na wenzake, walipopelekwa huko, walijua ni nani waliowatangulia. Mkristo hapungukiwi na kitu anapowataja. Anayempenda shahidi wake anapaswa kuutambua ushahidi hata wa jirani.

La pili ni vita. Mwaka 1888 Wakristo na Waislamu waliungana kumwondoa Mwanga, na kabla ya mwaka kwisha wakageukiana. Kisha, tarehe 24 Januari 1892, Waprotestanti na Wakatoliki walipigana wao kwa wao Mengo, bunduki za Kapteni Lugard zikiwa upande wa Waprotestanti, na misheni ya Rubaga ikateketea. Hesabu wenyewe: tangu moto wa Namugongo hata miaka sita haijatimia. Watu waliokuwa wamewaona wenzao wakichomwa katika moto mmoja, Mkatoliki na Mwanglikana ubavu kwa ubavu, walichukua silaha kupigania vyeo na majimbo. Damu ya mashahidi ilikwisha kuwa mali ya vyama.

La tatu ni Mwanga mwenyewe. Katika insha anatoweka baada ya moto, kama jini la hadithi. Kwa kweli alirudishwa kwenye kiti mwaka 1889 kwa msaada wa Wakristo, yaani jamaa na rafiki za wale aliowaua. Baadaye aliwapinga Waingereza, akakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni visiwa vya Shelisheli. Huko akabatizwa, akaitwa Danieli, na huko akafa Mei 1903. Mabaki yake yalirudishwa mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi. Tukiwauliza wanafunzi wetu Wakristo kama Danieli Mwanga ni ndugu yao, darasa hunyamaza. Tunadhani kimya hicho ni mwanzo mzuri wa kukumbuka. Ikiwa imani waliyoifia mashahidi ni ya kweli, basi ubatizo wa mwuaji wao ni sehemu ya ushindi wao, na siku isiyoweza kulitaja jina lake bila matusi bado haijawaelewa.

Jinsi makanisa yalivyojifunza kukumbuka

Si kwamba makanisa yamelala. Wakatoliki 22 walitangazwa wenye heri mwaka 1920 na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Siku hiyo Papa Paulo wa Sita aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo, jambo ambalo miaka thelathini kabla lisingetazamiwa. Mwaka 1969 alikuja mwenyewe Uganda, na akafika pia mahali pa Waanglikana pa Namugongo. Basilika ya Wakatoliki, yenye nguzo 22, ilizinduliwa tarehe 3 Juni 1975. Mwaka 2015 Papa Fransisko alizuru sehemu zote mbili asubuhi moja. Ni kweli kwamba bado kuna ibada mbili, Wakatoliki huku na Waanglikana kule, mwendo mfupi tu kati yao. Moto ulikuwa mmoja, majivu tumeyagawana. Lakini mahujaji hupita kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kuulizwa kadi ya ubatizo.

Na lipo somo la mwaka 1977. Kanisa la Uganda lilikuwa likijiandaa kuadhimisha miaka mia moja tangu 30 Juni 1877. Mabango na nyimbo vilikuwa vinatayarishwa. Tarehe 16 Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na utawala wa Idi Amin. Mwili haukutolewa kwa waumini. Walikusanyika Namirembe kwenye kaburi lililochimbwa likabaki wazi, karibu na kaburi la Hannington, na miezi minne baadaye wakaadhimisha miaka mia. Kwa watu wale, jubilei haikuwa tena habari za mababu. Tangu 2015 tarehe 16 Februari nayo ni sikukuu ya taifa, na ni wajibu wetu kuangalia isije ikageuka siku ya kupumzika tu.

Hitimisho: kazi kwa darasa la Kiswahili

Tunapendekeza mambo machache kwa walimu wenzetu. Kabla ya kuagiza insha ya Siku ya Mashahidi, wape wanafunzi ukoo wa neno shahidi waufuatilie katika kamusi, kisha wajadili kama mfiadini linatosha. Wape orodha ya tarehe kuanzia 31 Januari 1885 hadi 27 Januari 1887, wachague moja, na kuandika juu ya mtu mmoja badala ya 45. Mwingine aandike kama Maftaa, akimsomea Kabaka usiku. Mwingine aandike kama Mukajanga, jioni ya tarehe 3 Juni, akirudi nyumbani bila mwanawe. Na wanafunzi Waislamu wasiachwe nje ya zoezi. Historia ya Namugongo ni yao pia.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tunaweza kwenda mbali kwa hotuba na magwaride, lakini mwishoni mtoto atauliza maana ya siku hii. Tukimjibu kwamba ni siku ya kujivunia, tumeadhimisha. Tukimjibu kwamba walikuwapo vijana waliosoma, wakaamini walichosoma, wakafa bila kumlaani mfalme wao, na kwamba sisi warithi wao tuligombania majivu yao na bado tunajifunza kuyaacha, tutakuwa tumekumbuka. Jibu hilo linaweza kutolewa kwa lugha yoyote. Nasi tungefurahi litolewe pia kwa Kiswahili, lugha ambayo Injili ilisomwa kwayo kasrini tangu mwanzo.